Nukta Nyekundu Kwenye Ramani: Jinsi Kambi za Kijeshi za Marekani Ng'ambo Zinavyochunguzwa na Kuhesabiwa

Hivi karibuni, baada ya semina ya vijana katika parokia moja ya dekania yetu, tulionyeshwa kwenye simu ramani ya dunia iliyojaa nukta nyekundu. Juu yake yaliandikwa maneno makubwa kwamba hizo zote ni kambi za kijeshi za Marekani nje ya mipaka yake. Ramani hiyo ilikuwa imepita katika makundi mengi ya simu kabla ya kutufikia, na hakuna aliyejua ilichorwa na nani, lini, wala kwa ushahidi gani. Nukta moja ilikaa ndani ya Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania. Kijana mmoja alisema kwa uchungu kwamba tumeuzwa pamoja na ziwa letu. Mwenzake akamjibu kwamba ramani yote ni uzushi, na kwamba Marekani haina kambi hata moja barani Afrika. Wote wawili walikuwa wamekosea. Kwa kuwa muda wa semina ulikuwa umekwisha, tuliahidi kuwajibu kwa maandishi, na makala hii ndiyo ahadi yenyewe.

Tuanze na jambo linalowashangaza wengi: sehemu kubwa ya habari hizi haikufichwa. Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambayo kwa jina la jengo lake huitwa Pentagon, kwa miaka mingi imekuwa ikitoa taarifa ya mali zake zisizohamishika, yaani ardhi, majengo, bandari na viwanja vya ndege, ndani na nje ya nchi. Taarifa ya mwaka wa fedha 2018 ilisema kwamba mali hizo ziko katika nchi 45 za kigeni, na kwamba maeneo mengi zaidi yako Ujerumani, yapatayo 194, kisha Japani 121, na Korea Kusini 83. Mpangilio huo unasimulia historia. Nchi mbili za kwanza zilishindwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliyokwisha mwaka 1945, na ya tatu ilikuwa uwanja wa vita kuanzia mwaka 1950 hadi 1953. Askari waliokwenda kupigana walibaki kulinda, na waliobaki kulinda wakajenga shule, makanisa, hospitali na viwanja vya michezo. Miongo saba baadaye bado wapo.

Hata hivyo, mtu asiichukue taarifa hiyo kana kwamba ni orodha kamili. Kwanza, ina kizingiti chake: eneo lililo nje ya Marekani hutajwa kwa jina iwapo ukubwa wake unafikia ekari 10 au thamani yake inafikia dola milioni 10. Yaliyo madogo kuliko hapo hukusanywa pamoja bila majina. Pili, kuna nchi ambazo hazikutajwa kabisa, ingawa dunia nzima ilijua kwamba askari wa Marekani walikuwako. Wakati taarifa ile ya mwaka 2018 inatoka, vita vya Afghanistan, Iraq na Syria vilikuwa vikitangazwa redioni kila siku, lakini kambi za huko hazikuwamo. Msomaji makini hujifunza hapo kwamba hati ya serikali yaweza kusema kweli katika kila mstari wake na bado ikaacha nje jambo kubwa.

Katika pengo hilo ndipo walipoingia watafiti. Anayejulikana zaidi ni David Vine, mwanaanthropolojia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha American mjini Washington. Mwaka 2015 alichapisha kitabu kiitwacho Base Nation, ambamo alikadiria kwamba Marekani ilikuwa na kambi zipatazo 800 nje ya nchi yake. Mwaka 2021, baada ya vita vya Afghanistan kufikia ukingoni, yeye na wenzake walitoa hesabu mpya ya maeneo yapatayo 750 katika nchi na makoloni 80, na wakakadiria kwamba kuyaendesha kunagharimu dola bilioni 55 kwa mwaka. Ikumbukwe kwamba hayo ni makadirio, na watafiti wenyewe wanayaita hivyo. Anayenakili namba na kuliacha neno “makadirio” anatoa ushahidi ambao hakuupokea.

Kwa nini wasihesabu tu, kama tunavyohesabu vigango vya parokia? Kwa sababu kabla ya kuhesabu ni lazima mtu aamue kambi ni nini. Huko Korea Kusini kuna Camp Humphreys, ambayo ni mji mzima wenye familia, maduka na shule. Mahali pengine pana mnara wa mawasiliano na uzio. Pengine tena pana ghala na njia ya ndege katika uwanja unaomilikiwa na jeshi la nchi mwenyeji, ambapo Wamarekani huja, hukaa miezi kadhaa, na kuondoka. Wanajeshi wenyewe wameviita vituo vidogo vya aina hii majani ya yungiyungi, wakifikiria chura anayeruka juu ya bwawa kutoka jani hadi jani. Je, jani hilo lihesabiwe sawa na mji? Ukilihesabu, unapata namba kubwa. Ukiliacha, unapata ndogo. Mara nyingi watu wawili wanaobishana juu ya idadi hawatofautiani juu ya ukweli wa mambo, bali juu ya maana ya neno, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mwenzake.

Nukta nazo zina udhaifu mwingine: zote zina ukubwa mmoja. Okinawa ni sehemu ndogo mno ya Japani, takriban asilimia 0.6 ya ardhi yake, lakini imebeba karibu asilimia 70 ya ardhi yote inayotumiwa na kambi za Marekani nchini humo. Katika ramani ya simu, Okinawa ni vidoa vichache vilivyobanana baharini. Kwa wakazi wake ni kelele za ndege juu ya madarasa, ni uzio unaokata mashamba ya mababu, ni mzigo walioulalamikia kwa miongo mingi.

Sasa turudi barani kwetu, maana hapo ndipo vijana wetu walipogombana. Kambi kubwa na ya kudumu ya Marekani barani Afrika ni Camp Lemonnier iliyoko Djibouti. Hapo zamani ilikuwa kambi ya Wafaransa, na Wamarekani waliingia baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Mwaka 2014 mkataba wake ulifanywa upya kwa miaka 20, kwa kodi ya dola milioni 63 kila mwaka. Inafaa kuongeza kwamba nchi hiyo ndogo ina pia kambi za Ufaransa, Japani, Italia, na tangu mwaka 2017, China. Waingereza nao wana uwanja wa mafunzo Nanyuki, nchini Kenya. Kwa hiyo anayedhani kwamba Marekani pekee ndiyo yenye tabia hii achukue penseli ya rangi ya pili, na ya tatu. Ila ni kweli kwamba hakuna taifa lingine linaloikaribia kwa wingi.

Nje ya Djibouti mambo yalikuwa ya kimyakimya zaidi. Mwanahabari Nick Turse amefanya kazi kwa miaka mingi kwa kutumia sheria ya Marekani inayompa mtu haki ya kuomba hati za serikali. Kupitia nyaraka za mwaka 2019 za kamandi ya jeshi hilo kwa Afrika, alionyesha vituo 29 katika nchi 15 za bara hili na maeneo yake. Kimoja cha vituo hivyo kilikuwa Manda Bay, katika Kaunti ya Lamu. Wakenya wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza tarehe 5 Januari 2020, pale wapiganaji wa al-Shabaab walipokishambulia alfajiri na kuwaua Wamarekani watatu, askari mmoja na wafanyakazi wawili wa mkataba. Wavuvi wa visiwa vile hawakuhitaji ramani ya mtu. Ndege walikuwa wakiziona.

Na nukta ya Ziwa Viktoria? Hatukuona hati wala taarifa yoyote inayoitetea. Tunachodhani ni kwamba mchoraji alikusudia Entebbe, uwanja ulio ukingoni mwa ziwa upande wa Uganda, ambao magazeti ya Marekani yenyewe yaliripoti mwaka 2012 kwamba ulitumiwa na ndege zao za upelelezi. Nukta nene iliyowekwa kwa haraka ikashuka kusini, ikavuka mpaka. Hivyo ndivyo kosa la milimita chache lilivyogeuka kuwa shutuma dhidi ya serikali na watu wake. Amri ya nane inahusu pia ramani, na anayesambaza hachangii kosa hilo kidogo kuliko aliyechora.

Vijana watauliza: basi ramani iliyo bora huchorwaje? Kwa uvumilivu, na kwa kulinganisha mashahidi. Mtafiti huanza na taarifa ya Pentagon tuliyoitaja, kisha husoma maombi ya fedha za ujenzi ambayo jeshi hupeleka Bungeni, kwa sababu hakuna anayemwaga zege bila bajeti. Husoma zabuni, kwani anayetaka mafuta ya ndege au mpishi wa askari mia mbili hulazimika kutangaza mahali. Husoma mikataba kati ya serikali mbili, pale inapochapishwa. Hatimaye hutazama picha kutoka angani. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hutoa picha zake bure kwa kila mtu, na kila kipande cha picha huonyesha eneo la mita 10 kwa 10. Mtu hawezi kuonekana hapo, wala gari haliwezi kutambulika. Lakini njia ya ndege yenye urefu wa karibu kilomita 2 katika jangwa la Niger, kama ile iliyojengwa karibu na Agadez kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100, huonekana kama mkwaruzo kwenye ngozi. Mwaka baada ya mwaka mtafiti aliiona ikikua. Agosti 2024 Wamarekani walikabidhi kambi hiyo kwa Niger na kuondoka, na nukta yake sharti ifutwe, au iandikwe tarehe. Ramani isiyo na tarehe ni sawa na cheti cha ubatizo kisicho na tarehe: hakithibitishi mengi.

Wakati mwingine siri hutolewa na wenye siri. Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ambayo wakimbiaji hutumia kupima mazoezi yao, ilichapisha ramani ya dunia iliyojumlisha mazoezi zaidi ya bilioni moja. Miji mikubwa iling'aa kama ilivyotarajiwa. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, akatambua kwamba hata katika majangwa ya Syria na mabonde ya Afghanistan palikuwa na vimiduara vya mwanga. Walikuwa askari, kila asubuhi wakikimbia kuzunguka uzio wa kambi zao, saa zao za mkononi zikiandika kila hatua.

Hapa dhamiri inauliza swali la haki: je, kuchora ramani hizi si kuwaweka hatarini vijana walio ndani ya kambi? Nao ni watoto wa watu. Sisi tunaona tofauti kati ya mambo mawili. Kusema kwamba kambi fulani ipo, ina ukubwa gani, na ilipatikana kwa mkataba gani, ni habari ambayo raia wa nchi zote mbili wana haki nayo, maana mmoja hutoa kodi na mwingine hutoa ardhi. Kuonyesha ni njia ipi askari hukimbia, na saa ngapi, ni jambo jingine, halina faida kwa raia, na mtafiti mwadilifu huliacha. Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliijenga amani juu ya ukweli, haki, upendo na uhuru, akiuweka ukweli mwanzoni. Tunadhani hakuuweka hapo kwa bahati.

Lakini ukweli wa namna gani? Tumeliacha jambo hili hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu ndilo lililomfanya David Vine aanze kazi yake. Hakuanza na ramani. Mwaka 2001, akiwa bado mwanafunzi, aliombwa na mawakili wa watu wa visiwa vya Chagos achunguze yaliyowapata wateja wao. Kutoka kisa hicho kimoja ndipo alipoanza kujiuliza kuhusu kambi nyingine zote.

Msomaji aliye Dar es Salaam na asimame ufukweni, atazame mashariki. Akisafiri karibu kilomita 3,600 kuvuka Bahari ya Hindi, huku akishuka kidogo tu kusini, atafika Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Chagos. Watu wake hawakuwa wageni kwetu. Mwishoni mwa karne ya 18 Wafaransa waliwapeleka huko watumwa kutoka Madagaska na Msumbiji, wafanye kazi katika mashamba ya minazi. Baada ya utumwa kukomeshwa walibaki, wakakausha mbata, wakavua samaki, wakawa na lugha yao, ndoa zao, makaburi yao. Wengi wao walikuwa, na bado ni, Wakatoliki.

Katika miaka ya 1960 Marekani ilikuwa ikitafuta kisiwa kwa ajili ya kambi katika Bahari ya Hindi, nayo ilitaka kisiwa kisicho na watu. Mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya uhuru wa Mauritius, Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos kutoka koloni hilo, ikilipa pauni milioni 3. Mwaka uliofuata ilikubaliana na Marekani. Marekani nayo iliipunguzia Uingereza dola milioni 14 katika bei ya makombora ya Polaris, na Bunge la Marekani halikuambiwa. Ilibaki shida moja, yaani watu wenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaitaka nchi yenye koloni itoe taarifa juu ya wakazi wake. Maofisa wa London wakaona njia: wakazi waelezwe kuwa vibarua wa mkataba waliokuja kwa muda tu, ingawa walijua vizuri kwamba baadhi walizaliwa hapo, na wazazi wao pia.

Kati ya mwaka 1968 na 1973 waliondolewa wote, watu kati ya 1,500 na 2,000. Waliokuwa wamekwenda Mauritius kutibiwa au kuwatembelea ndugu walizuiwa kurudi. Waliobaki walipunguziwa vyakula. Mwaka 1971 mbwa wao walikusanywa na kuuawa kwa gesi, kisha watu wakapakiwa kwenye meli na kushushwa Mauritius na Ushelisheli, bila nyumba wala kazi. Kutoka kambi iliyojengwa baadaye ndege zilirushwa katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, vya Afghanistan mwaka 2001 na vya Iraq mwaka 2003.

Yote haya tunayajuaje? Kwa karatasi zao wenyewe. Wakati huo nyaraka za Uingereza zilikuwa zikifunguliwa baada ya miaka 30, na mawakili wa Wachagosi walizikuta barua ambamo maofisa walipanga, kwa maneno ya dharau, jinsi ya kuwafanya watu waonekane hawapo. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba kuwaondoa hakukuwa halali. Serikali ikazuia marejeo yao kwa amri mpya mwaka 2004, na mwaka 2008 mahakimu wa juu kabisa wakaiunga mkono kwa kura 3 dhidi ya 2. Wachagosi hawakunyamaza. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza inapaswa kuhitimisha utawala wake huko upesi iwezekanavyo, na mwezi Mei Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6.

Septemba mwaka huohuo, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitembelea Mauritius. Akiwa katika ndege ya kurejea Roma aliulizwa juu ya Chagos, akajibu kwamba tukikubali kuzipa taasisi za kimataifa mamlaka ya kuamua, basi zikiamua tunapaswa kutii. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kurudisha visiwa kwa Mauritius, huku Diego Garcia ikikodishwa kwa miaka 99 ili kambi iendelee. Mwezi Agosti mwaka huo Baba Mtakatifu Leo XIV aliwapokea wajumbe wa wakimbizi wa Chagos mjini Vatican. Furaha yao haikuwa kamili, na si wote wanaoupenda mkataba huo. Mkataba unaiachia Mauritius nafasi ya kuwarudisha watu katika visiwa vingine, bali si Diego Garcia, na wapo Wachagosi wanaolalamika kwamba makubaliano yalifanywa juu yao bila wao kuketi mezani.

Katika ramani tuliyoonyeshwa, Diego Garcia ilikuwapo, nukta moja sawa na nyingine zote. Tulipokutana tena na vijana wale tuliwaomba waifute ile ya ziwani, waandike tarehe kando ya Agadez, kisha wafungue picha ya setilaiti ya Diego Garcia na kutafuta upande wa mashariki wa kisiwa, ng'ambo ya njia ya ndege. Hapo, mahali paitwapo East Point, ndipo palipokuwa kijiji cha shamba la minazi pamoja na kanisa lake. Mwaka 2006 Wachagosi wapatao mia moja waliruhusiwa kuvizuru visiwa kwa siku chache, wakasafisha makaburi ya wazazi wao na kusali, kisha wakarudishwa melini. Vijana walikaa muda mrefu wakiikuza picha ile kwenye simu, wakitafuta paa la kanisa kati ya minazi.